Kubana mpira na povu kwa kidumu cha maji na bomba la sindano

Maswali huja yaleyale. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anauliza: "Mwalimu, mpira ukibanwa molekuli zake zinakaribiana?" Fundi wa gari pale Chake Chake anauliza kwa nini bushi mpya, ule mpira wa kwenye maungio ya gari, huwa ngumu siku ya kwanza kisha ikalegea. Na ami mmoja, mvuvi, alinijia na kipande cha kandambili alichokuwa amekifanya chelezo cha kuelezea jarife, wavu wake. Kimenywea, hakifiki nusu ya kilivyokuwa. "Kimeshuka kizima," akaniambia, "kimerudi hivi. Huko chini kimeliwa na nini?"

Wote watatu wanauliza jambo moja. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, na kwa mdomo haliaminiki, kwa hiyo nimeandika hatua ulione mwenyewe juu ya meza, kwa vitu vinavyopatikana Pemba bila kuagiza chochote Dar. Tenga siku mbili, ya kwanza ya kazi na ya pili ya kusubiri.

Jibu nalitanguliza, maana utapima vizuri zaidi ukijua unachokitafuta. Mpira ukiubana juu na chini, haupungui. Unahama. Kinachokosekana kwenye kimo utakikuta ubavuni. Kandambili, ambayo ni povu la plastiki, ndiyo inayopungua kweli, na hata hiyo kinachopungua ni hewa iliyomo ndani yake. Kazi yote iliyobaki hapa ni kulithibitisha hilo kwa namba.

Vya kutafuta kabla hujaanza

- Mpira mzito usio na nyuzi ndani. Bushi kuukuu ya gari kutoka gereji inafaa. Usichukue tairi, kwa sababu tairi lina nyuzi na waya, na vipimo vyako vitakuwa vya waya.
- Kandambili ya sponji, kuukuu au mpya, yenye soli nene.
- Mabomba mawili ya sindano, la mililita 20 na la mililita 5, mapya, bila sindano zake. Duka la dawa lolote linauza.
- Mbao mbili nyoofu za urefu wa sentimita 60 na bawaba moja yenye skrubu zake.
- Kidumu cha lita 5 na chupa ya kupimia lita moja.
- Kalipa, kifaa cha kupimia unene na upana. Ikikosekana, rula ya chuma na simu yenye kamera.
- Poda ya mtoto au maji ya sabuni.
- Vibati vinne vya chuma, boliti nne na nati zake, na washa za kutosha.
- Msumeno wa chuma, wembe mkali, daftari.

Mafuta usiyatafute. Nitaeleza.

Nadharia, kidogo tu

Polima ni molekuli ndefu, mnyororo wa maelfu ya atomu zilizoshikana moja baada ya moja. Katika mpira wa asili minyororo hiyo imejikunja ovyo na haitulii, kwa joto la kawaida inatikisika muda wote. Ingekuwa huru kabisa ingeteleza na mpira ungetiririka taratibu kama lami ya jua la mchana. Kinachoizuia ni madaraja ya salfa yanayounganisha mnyororo na jirani yake hapa na pale. Charles Goodyear aligundua namna ya kuyapata mwaka 1839, alipochanganya utomvu wa mpira na salfa na kuupasha moto. Fikiria wavu wa nyuzi. Vifundo ni vichache, na kati ya kifundo na kifundo uzi umelegea na kujikunja.

Ukiubana mpira juu na chini, nyuzi hizo zinajipanga upya. Zinalala, zinaelekea pembeni. Umbali kati ya mnyororo na mnyororo haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ukiachia, mtikisiko wa joto unazirudisha kwenye ovyo yake, na mpira unainuka.

Kuubana kutoka pande zote kwa pamoja ni habari nyingine. Hakuna pa kuhamia. Hapo lazima atomu zisogezwe karibu zaidi na zilivyozoea, na atomu hazikubali. Kuna nafasi ndogo kati ya minyororo na ndizo zinazoanza kubanika, lakini ni ndogo. Ndiyo maana mpira ukibanwa pande zote ni mgumu karibu sawa na maji. Kuupunguza ujazo kwa asilimia 1 kunahitaji kanieneo, au presha kama tusemavyo mitaani, ya takriban megapaskali 20, yaani uzito wa bahari yenye kina cha kilomita mbili. Kuugeuza umbo ni rahisi kuliko hivyo zaidi ya mara mia kadhaa. Mtoto anaweza.

Watu hupenda kufananisha polima na usumba wa nazi uliofumbatwa mkononi, kwamba ukiubana unarudi. Mfano huo ni nusu. Usumba unarudi kwa sababu kila unyuzi ni mgumu na haupendi kupindwa. Mnyororo wa mpira hauna ugumu wa namna hiyo, unarudishwa na joto lake. Tofauti hiyo utaihisi kwa mdomo wako kwenye hatua ya 12.

Hatua

1. Kata vipande. Toa mpira kwenye bushi kwa msumeno, ukiupaka maji ya sabuni ili usishike. Tafuta mchemraba wa milimita 20 kila upande, au karibu na hapo, kisha andika vipimo vyake halisi. Kata vitatu. Kwenye kandambili kata vipande vya milimita 20 kwa 20, unene uwe wa soli yenyewe. Muhimu hapa ni nyuso za juu na chini ziwe sambamba. Kipande kilichokatwa mshazari kitainama kikibanwa, na utadhani umegundua jambo.

2. Tengeneza wenzo. Kusimamisha ndoo ya maji juu ya kipande cha sentimita mbili ni kutafuta mafuriko ya nyumba. Laza ubao mmoja mezani. Mwisho wake mmoja pigilia kigogo chenye kimo sawa na kipande chako, milimita 20. Funga ubao wa pili juu ya kigogo kwa bawaba. Kipande cha mpira kinakaa kati ya ubao wa chini na wa juu, sentimita 10 kutoka kwenye bawaba. Kidumu kinasimama juu ya ubao, sentimita 50 kutoka kwenye bawaba. Hivyo kila lita moja ya maji, ambayo ni kilo moja, inaubana mpira kwa uzito wa kilo tano.

   Tahadhari: bawaba inavutwa juu kwa nguvu kubwa. Skrubu ziingie mtini kweli, misumari midogo itang'oka. Na ubao wenyewe una uzito. Upime. Kitovu chake kiko sentimita 30, kwa hiyo kila kilo ya ubao inahesabika kama kilo tatu juu ya mpira. Kidumu kitupu nacho kizidishe kwa tano. Wengi husahau hili, kisha mstari wa grafu yao hauanzii pale unapotakiwa.

3. Paka poda juu na chini ya kipande. Mpira ukigusana na mti unashika, na kingo za juu na chini haziwezi kutanuka. Matokeo yake unavimba katikati kama pipa. Poda inauachia uteleze.

   Usipake mafuta, hata ya nazi. Mwaka wa kwanza nilipofanya jaribio hili na wanafunzi nilitumia ya nazi kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mkononi. Kesho yake vipande vilikuwa vimelainika na kuvimba, na daftari zima likaenda jaani. Mafuta huingia kati ya minyororo na kuitanua. Kwa mpira wa asili ni adui, ndiyo maana fundi mzuri hufuta grisi kwenye bushi.

4. Uzoeze mpira. Weka kidumu chenye lita 4, subiri nusu dakika, ondoa. Rudia mara tatu bila kuandika kitu. Mpira mara ya kwanza huwa mgumu kuliko mara zinazofuata, hasa ule mweusi uliotiwa masizi, kwa sababu mbano wa kwanza unavunja mishikamano dhaifu kati ya minyororo na chembe za masizi. Fundi aliyelalamika bushi imelegea baada ya siku moja, jibu lake sehemu kubwa ni hili. Haijaharibika, imezoea.

5. Pima bila mzigo. Inua ubao, pima kimo na upana, andika. Hiki ndicho kipimo chako cha mwanzo, usikikisie.

6. Weka mzigo lita moja moja. Kila unapoongeza lita subiri dakika moja kamili, kisha pima. Usipime mara hii baada ya sekunde tano na mara nyingine baada ya dakika tatu, kwani mpira unaendelea kujikunjua polepole chini ya mzigo uleule na namba zako zitachanganyika. Kwa kipande cha sentimita mraba 4, kila lita inaongeza nguvu ya karibu nyutoni 50, sawa na kilopaskali 125. Ukifika lita 4 umeongeza nusu megapaskali, kanieneo ya mita 50 hivi za bahari.

7. Kila ukipima kimo, pima na upana. Hapa ndipo jaribio lilipo na hapa ndipo wengi huvivia. Pima upana mahali patatu, karibu na ubao wa juu, katikati, na karibu na ubao wa chini. Chukua wastani. Kama huna kalipa, simamisha rula kando ya kipande na upige picha, simu ikiwa imetulia juu ya kitu, kimo kilekile cha kipande. Ukipiga kutoka juu au pembeni, picha itakudanganya kwa milimita nzima, na milimita nzima ndiyo unayoitafuta.

8. Hesabu ujazo. Tuseme kipande kilikuwa milimita 20 kila upande, yaani milimita za ujazo 8,000. Kimo kimeshuka hadi 18.2. Kama ujazo haukubadilika, eneo la katikati lazima liwe 8,000 gawa kwa 18.2, ambalo ni karibu 440, na kipeuo chake ni 21 kasoro kidogo. Angalia wastani wako wa upana. Ukikuta 20.8 au 21.1 umefaulu, na tofauti iliyobaki ni ya rula yako. Ukikuta 20 kamili hukupima, umekisia.

   Kaa hapa kidogo. Umeubana mpira kwa asilimia 9 ya kimo chake, na ujazo uko palepale. Kwa kanieneo hii ya nusu megapaskali, hata kama ungeubana pande zote, ungepungua kwa chini ya sehemu tatu katika elfu kumi. Kalipa ya gereji haiwezi kuliona hilo, na usimwamini mtu anayesema ameliona kwa rula.

9. Rudia na kandambili. Kigogo cha bawaba kibadilishe kilingane na unene wa soli. Anza na nusu lita, kwa maana povu hulala haraka. Pima kimo na upana vilevile. Utaona kimo kinashuka sana huku ubavu ukitoka kidogo au usitoke kabisa. Hesabu ujazo na utaona umepungua kweli. Soli ya kandambili ni vyumba vidogo vilivyofungwa, kila kimoja na hewa yake, na kuta za plastiki nyembamba. Kuta zinakunjika, hewa inabanwa. Ile plastiki ya kutani, molekuli zake hazijakaribiana kuliko za bushi.

   Ukitaka, weka na kipande cha plastiki ngumu, kizibo kinene cha dumu au bomba la maji. Usipoteze muda mwingi nacho. Kitashuka kwa sehemu ya mia ya milimita au pungufu, na hutaona kitu. Minyororo yake ama imeganda, kama ya bomba la PVC, ama sehemu yake imejipanga safu kwa safu, kama ya kizibo, na haina uhuru wa kulala pembeni.

10. Sasa bomba la sindano. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na kama una saa moja tu ruka zote zilizotangulia uje hapa.

    Kwanza vuta hewa hadi nusu ya bomba la mililita 20, ziba mdomo kwa kidole gumba, sukuma. Hewa inakubali. Achia, inarudi. Kisha jaza maji, toa mapovu yote kwa kugonga bomba likiwa limetazama juu, ziba, sukuma. Maji hayakubali.

    Toa mchi wa bomba, tia kipande kidogo cha mpira wa bushi, ukubwa wa punje ya hindi, jaza maji, rudisha mchi, toa hewa. Ziba, sukuma. Hakuna kinachosogea. Mpira sasa unabanwa na maji pande zote, hauna ubavu wa kukimbilia, na umekuwa kama maji.

    Sasa utoe mpira, tia kipande cha kandambili cha ukubwa uleule, maji, bila hewa nyingine. Ziba, sukuma, na ukitazame. Kinanywea mbele ya macho yako, pande zote kwa pamoja, kama chelezo cha ami. Achia, kinafura. Vuta mchi nyuma ukiwa umeziba, kinavimba kupita ukubwa wake wa kawaida.

    Bomba la mililita 5 linabana zaidi kwa kidole kilekile, kwa sababu mchi wake una eneo dogo. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 10 kwenye bomba la 20 unapata kanieneo ya ziada kama ya mita 30 za bahari, na kwenye la 5 inapita mita 70.

    Tahadhari: liwe bila sindano, lisielekezwe kwenye uso wa mtu, na usilibane kwa jiriwa ili kupata zaidi. Plastiki ya bomba hupasuka kwa kishindo.

11. Mbano wa muda. Chukua vipande viwili vipya vya mpira na viwili vya kandambili. Weka kipande cha mpira na cha kandambili kati ya vibati viwili, kaza boliti, na kati ya vibati tia washa zitakazozuia visikaribiane kupita robo tatu ya kimo cha kipande. Kipande cha milimita 20 kibaki 15. Cha kandambili kikiwa chembamba, kijazie kibati chini yake ili nacho kibanwe kwa robo. Tengeneza seti mbili kama hizo. Moja iache kivulini ndani ya nyumba. Ya pili iweke juu ya bati la paa asubuhi na uiache hadi kesho yake saa ileile. Fanya wakati wa kaskazi, kusi likivuma utasubiri joto lisije.

    Maabara hubana kwa robo hivyohivyo, kwa saa 22 au 70, ndani ya tanuri la nyuzi 70 mara nyingi, na baada ya kufungua husubiri dakika 30 kabla ya kupima. Nawe subiri dakika 30. Kisha hesabu: kimo cha mwanzo toa kimo cha sasa, gawa kwa kimo cha mwanzo toa kimo cha mbano. Mpira wa milimita 20 uliobanwa hadi 15 ukarudi 19 umepoteza 1 kati ya 5, asilimia 20.

    Kipande cha juu ya bati kitakuwa kimelala zaidi ya cha kivulini, na kandambili itakuwa imelala kuliko mpira. Katika mpira, joto linakata baadhi ya madaraja ya salfa na mengine yanafungika upya wakati kipande kimelala, hivyo umbo la kulala ndilo linalokuwa la kwake. Katika kandambili kuna mambo mawili. Minyororo inateleza, na hewa iliyobanwa inapenya kuta taratibu na kuondoka. Ndiyo maana kandambili ya mtu mzito huwa na alama ya kisigino isiyofutika, na ndiyo maana chelezo cha jarife lililolala chini usiku kucha hakirudi kizima.

12. La ziada, la dakika moja. Chukua mpira mpana wa kufungia pesa, uguse kwenye mdomo wa juu uhisi baridi yake. Uvute ghafla na uguse tena ukiwa umevutwa. Una uvuguvugu. Uachie urudi, uguse tena, umepoa. Mwingereza John Gough aliliandika hili mwaka 1805, kabla mtu yeyote hajajua molekuli ya mpira ikoje. Kuipanga minyororo kunatoa joto, na kuiachia irudi kwenye ovyo kunalimeza. Usumba hauwezi hivyo.

    Aliye karibu na mashamba ya mipira, ya Unguja au ya huku kwetu, aombe donge dogo la utomvu uliogandishwa na kukaushwa, ambao haujatiwa salfa, alibane kama kwenye hatua ya 11. Litalala na kubaki limelala. Wavu usio na vifundo.

Jibu la ami

Kila mita 10 za bahari zinaongeza karibu kanieneo moja ya hewa. Mita 30 chini, ukijumlisha na ile ya hewa ya juu, jumla ni nne, na hewa ya ndani ya povu ingepaswa kubaki robo, kama kuta za plastiki zisingeipinga. Zinaipinga kiasi, lakini hazishindi. Chelezo kimenywea, kinaelea vibaya, na jarife linalala. Pemba si kama Unguja. Kina kati ya Unguja na bara ni makumi ya mita tu, ila Mkondo wa Pemba unafika mita 800 hivi. Ukitupa kipande cha bushi hadi chini huko kitapungua ujazo kwa asilimia 0.4 tu, hutaona tofauti. Kandambili itafika imekuwa kama ngozi kavu. Anayetega kina kirefu atumie chelezo cha plastiki ngumu kilichotengenezwa kwa kina hicho, maana kandambili ni ya maji mafupi.

Kikienda kombo

Ujazo umeongezeka baada ya kubana. Hilo haliwezekani, na linatokea kila mara. Umepima upana katikati tu, pale pipa lilipovimba zaidi. Rudi hatua ya 7. Kama umepima mahali patatu na bado umeongezeka, poda imeisha na mpira umeshika. Pangusa, paka tena.

Ujazo umepungua kwa asilimia tano au zaidi na una hakika ni mpira. Kata kipande katikati kwa wembe na ukitazame kwenye mwanga. Ukiona vitundu, ulichonunua ni povu gumu lililopakwa weusi. Soli nyingi za viatu ziko hivyo.

Kimo hakishuki hata kwa lita 4. Ama mpira umezeeka, umeungua na jua na kuwa kama ubao, ama kipande chako ni kipana na kifupi. Hili la pili linawashangaza watu. Mpira uleule ukikatwa mwembamba na mpana unakuwa mgumu sana kuubana, kwa sababu hauna ubavu wa kutokea, na unakaribia hali ya kubanwa pande zote. Wahandisi wa madaraja hulitumia makusudi, huweka tabaka nyembamba za mpira kati ya mabamba ya chuma chini ya daraja, ukabeba mzigo mkubwa bila kulala huku ukiruhusu daraja kusogea kidogo kwa pembeni. Kata kipande kirefu kidogo, ila kimo kisizidi mara moja na nusu ya upana, la sivyo kitapinda kama mshumaa.

Kipande kinachomoka na kuruka. Ubao wa juu hauko sambamba na wa chini. Kigogo cha bawaba kimezidi au kimepungua kimo. Rekebisha kwa kadi ngumu chini ya kigogo.

Kwenye bomba la sindano, mpira nao unaonekana kupungua. Tazama vizuri, kuna povu la hewa limejificha kwenye kona ya mchi au limeshikamana na ubavu wa mpira. Osha kipande kwa maji ya sabuni kwanza, kitie kikiwa kimelowa, na ujaze maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa yana hewa kidogo.

Kandambili kwenye bomba hainywei. Kidole hakizibi mdomo sawasawa na maji yanavuja. Paka sabuni kwenye kidole, au funika mdomo wa bomba kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na uufunge kwa uzi wa mshipi.

Namba za leo si za jana kwa kipande kilekile. Umepima mchana, jana ulipima alfajiri, au kipande hakijapumzika tangu mara ya mwisho. Kipe saa moja bila mzigo, kivulini, na uandike joto la chumba kando ya kila kipimo.

Washa zimeshika kutu na boliti hazifunguki kesho yake. Hewa ya chumvi hiyo. Mafuta kidogo kwenye nati, ila shika kitambaa chini yake, tone lisifike kwenye mpira.